Saa Zisizoandikwa Daftarini: Kungoja Tiba Katika Mwambao wa Mboko

Mji mdogo wa Mboko, katika teritwari ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, umekaa kando ya barabara ya taifa namba 5 itokayo Uvira kwenda Baraka, ziwa la Tanganyika likiwa upande wake wa mashariki na milima upande wa magharibi, na wakaaji wake hutibiwa katika vituo vya afya ambavyo kwa mpango wa serikali viko chini ya zoni ya afya ya Nundu. Mazungumzo haya yanahusu kungoja, yaani zile saa ambazo mgonjwa, au mama mjamzito, au mzazi aliyembeba mtoto wa chanjo, huzimaliza akiwa amekwisha kufika mahali pa tiba lakini hajahudumiwa. Saa hizo ni nyingi, si Mboko tu bali katika sehemu kubwa ya Kongo na ya Afrika ya Mashariki, na kwa kuwa ni za kila siku zimezoeleka kiasi cha kudhaniwa kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hazitokani na ugonjwa, wala umaskini wa vituo, ingawa ni wa kweli, hautoshi kuzieleza. Zinatokana kwa sehemu kubwa na namna siku ya kazi inavyopangwa, na kwa hiyo nyingi miongoni mwake zinaweza kuondolewa na wauguzi walewale, katika majengo yaleyale, kwa dawa zilezile.

Inafaa kwanza kueleza mfumo wenyewe. Zoni ya afya ni eneo lenye ofisi kuu yake, hospitali kuu ya rufaa, na vituo vya afya kadhaa, kila kituo kikiwa na vijiji vyake vinavyojulikana. Mpangilio huu ulienea katika nchi, wakati ule ikiitwa Zaire, katika miaka ya 1980, baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliotangaza kwamba huduma za msingi za afya ziwafikie watu wote, na ulisaidiwa sana na mradi wa SANRU ulioanza mwaka 1981 kwa ushirikiano wa serikali, Kanisa la Kristo nchini Zaire na Marekani. Hata leo hospitali nyingi za mashariki ya Kongo, ile ya Nundu ikiwamo, zina mizizi katika misheni. Mkuu wa kituo cha afya kwa kawaida si daktari bali ni muuguzi, ambaye watu humwita titulere kwa kufuata Kifaransa, na kando yake huwako kamati ya wakaaji iitwayo CODESA, yaani kamati ya maendeleo ya eneo la afya, ambayo wajumbe wake hutoka vijijini ili washiriki katika uendeshaji wa kituo.

Maelezo yanayotolewa mara kwa mara kuhusu ucheleweshaji, tena na watu waliosoma, ni kwamba wananchi hawajali saa. Maelezo hayo hayawezi kusimama mbele ya maisha ya ufuko wa Mboko. Wavuvi wa ndagala, wale samaki wadogo ambao ng'ambo ya ziwa huko Kigoma huitwa dagaa, huvua usiku kwa taa kwa sababu samaki hao hufuata mwanga, na mwezi unapokuwa mpevu kazi husimama kwa kuwa taa hushindwa na mbalamwezi. Kwa hiyo mwezi wao wa kazi huhesabiwa kwa usahihi, na atakayechelewa kuingia ziwani hukosa giza ambalo ndilo mtaji wake. Wanawake wanaonunua samaki hao hufika ufukweni kabla ya macheo, kwa maana ndagala asiyeanikwa mapema huharibika, na jua la asubuhi halimngoji mtu. Watu hawa huwahi kila mahali ambapo kuwahi kuna faida na kuchelewa kuna hasara, jambo ambalo ni la akili timamu, na kama wanaonekana kutokuwa na saa kwenye kituo cha afya, swali la haki ni kama kituo chenyewe kimewahi kuwapa saa ya kuishika.

Ukweli ni kwamba katika vituo vingi saa haitolewi. Kinachotolewa ni siku. Kliniki ya wajawazito, ambayo wengi huitaja kwa herufi zake za Kifaransa, CPN, hufanyika katika vituo vingi siku moja maalumu ya juma, na chanjo za watoto hupewa siku nyingine; juu ya fishi, yaani kadi ya kliniki, huandikwa tarehe ya kurudi, na inaeleweka na wote kwamba tarehe hiyo maana yake ni asubuhi na mapema. Siku hiyo kazi ina hatua zake: mazungumzo ya afya kwa kundi zima, kuandikishwa, kupimwa uzito na shinikizo la damu, kupapaswa tumbo, kupimwa damu, kuchomwa sindano ya kinga ya pepopunda, kupewa vidonge vya kuongeza damu, kumeza dawa ya kukinga malaria mbele ya muuguzi, na kwa mama anayekuja mara ya kwanza, kupokea chandarua iwapo vyandarua vipo. Kila hatua miongoni mwa hizi ina manufaa yaliyothibitishwa, na hakuna hata moja inayofaa kuachwa. Lakini kila hatua ina mstari wake mdogo, na mama aliyeamka usiku ili awahi mstari wa kwanza hukuta kwamba ameununua mwanzo tu wa kungoja.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi, na inastahili kufanywa polepole. Ikichukuliwa kwamba wajawazito 40 wameitwa siku moja, kwamba muuguzi ni mmoja, na kwamba kila mama anahitaji dakika 10 za muuguzi huyo, kazi yote itachukua dakika 400, yaani saa sita na dakika 40. Wote wakifika kwa pamoja kazi inapoanza, wa kwanza hangoji kitu, wa pili hungoja dakika 10, wa tatu 20, na wa mwisho hungoja dakika 390, ambazo ni saa sita na nusu. Kungoja kwao wote kukijumlishwa kunafika saa 130. Sasa ikichukuliwa kwamba wanawake walewale 40 wameitwa kwa makundi manne ya watu kumi, kila kundi likija dakika 100 baada ya lile lililotangulia, muuguzi atafanya kazi ileile, kwa mwendo uleule, na atamaliza katika dakika ileile; ila mama wa mwisho wa kila kundi atangoja dakika 90 badala ya saa sita na nusu, na jumla ya kungoja kwa wote itakuwa saa 30. Saa 100 za wanawake zimeokolewa katika siku moja, bila mshahara kuongezwa, bila chumba kujengwa, bila senti kutoka nje, kwa kuandika saa kando ya tarehe.

Saa hizo 100 zina thamani, ijapokuwa hazilipwi na mtu yeyote. Kwa mwanamke wa Mboko ni asubuhi ya kuanika ndagala, ni safari ya shambani kung'oa muhogo, ni sombe, yaani majani ya muhogo, ya kutwanga kabla watoto hawajatoka shule. Mama anayepoteza siku nzima kwa kila kliniki huanza kufanya hesabu yake mwenyewe, na mara nyingi huhitimisha kwamba ataenda mara moja au mbili tu, mimba inapokuwa kubwa. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara nane katika kipindi cha mimba, badala ya mara nne zilizoshauriwa hapo awali. Ushauri huo ni mzuri, lakini mahali ambapo kila mara moja hugharimu siku nzima, mara nane ni siku nane za kazi, na anayewashauri wanawake bila kuihesabu gharama hiyo huwalaumu kwa kosa ambalo si lao.

Kupanga miadi kwa saa si jambo lililokuja na kompyuta. Mwaka 1952 nchini Uingereza, J. D. Welch na mwanatakwimu Norman Bailey walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wao kuhusu miadi ya wagonjwa wa nje hospitalini, ambapo walionyesha kwamba kungoja kwingi kulisababishwa na hofu ya daktari kukaa bila kazi, hofu iliyofanya wagonjwa wengi waitwe kwa wakati mmoja ili daktari asikose mtu hata kidogo. Pendekezo lao lilikuwa kwamba waitwe wawili mwanzoni mwa kazi, kisha mmoja mmoja kwa muda ulio sawa na wastani wa kumhudumia mgonjwa mmoja. Kwa njia hiyo daktari hupoteza dakika chache, na wagonjwa huokoa saa nyingi. Mpango wa namna hiyo hudai kwanza kwamba mhudumu mwenyewe afike kwa saa, maana akichelewa dakika 30 asubuhi, dakika hizo humpata kila mtu atakayefuata hadi jioni.

Upo pia upande wa pili, ule wa wagonjwa wasioweza kupewa miadi kwa sababu homa haina miadi. Kwao yafaa kukumbuka kazi ya Mdenmarki Agner Krarup Erlang, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, ambaye mwaka 1909 alianza kuchapisha hesabu za namna simu zinavyogongana kwenye nyaya, na kutokana na kazi yake ikakua elimu nzima ya foleni. Jambo kubwa katika elimu hiyo ni kwamba kungoja hakukui kwa kadiri kazi inavyoongezeka, bali huruka. Katika mfano wake rahisi kabisa, wa mhudumu mmoja na wateja wanaokuja bila mpangilio, mhudumu mwenye shughuli kwa nusu ya muda wake husababisha kungoja kunakolingana na huduma ya mtu mmoja. Akishughulika kwa asilimia 80, kungoja kunakuwa mara nne. Akifika asilimia 90, kunakuwa mara tisa. Na kwa asilimia 95, mara 19. Maana yake kwa kituo cha afya ni kwamba kinachoonekana kuwa kidogo, kwa mfano muuguzi kuandika ripoti ya mwezi saa tatu asubuhi wakati benchi limejaa, hakiwacheleweshi watu kidogo. Na kuihamishia ripoti hiyo mchana, watu wanapokuwa wamepungua, huleta nafuu kubwa kuliko inavyotarajiwa. Katika vituo vingi wagonjwa hujaa kuanzia asubuhi hadi karibu adhuhuri na alasiri benchi huwa tupu, na utupu huo ni rasilimali ambayo haijatumiwa.

Mtu asiyeijua kazi ya chanjo hustaajabu kuona mama amekaa na mtoto wake mbele ya friji yenye dawa na muuguzi asiye na shughuli, na bado haambiwi asogee. Sababu yake ni kichupa. Chanjo ya kifua kikuu, iitwayo BCG, hutengenezwa ikiwa unga katika kichupa ambacho kwa kawaida kina dozi 20, na ile ya surua mara nyingi huwa katika kichupa cha dozi 10; zikishachanganywa na maji yake maalumu, zote mbili hazina budi kutumiwa katika muda wa saa sita au mwisho wa kikao, kisha kilichobaki humwagwa, kwa sababu vijidudu vinaweza kumea ndani yake na kumdhuru mtoto. Muuguzi mwenye watoto watatu na kichupa cha watoto 20 yuko katika njia panda ya kweli: akifungua, atamwaga dozi 17 na huenda akaulizwa na wakubwa wake kwa nini, asipofungua, atawaambia mama wale wangoje wengine, na wengine wasipotokea, warudi siku nyingine. Wengi huchagua kungoja, na haifai kuwahukumu kwa ukali, kwa kuwa wamewahi kuona chanjo zikikatika kwa majuma mengi. Hata hivyo ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa ajili ya mtoto mmoja, maana dozi zinazomwagwa zina bei ndogo kuliko mtoto asiyerudi. Mlipuko wa surua ulioanza mwaka 2018 na kutangazwa kumalizika mwezi Agosti 2020 uliwaua watoto zaidi ya 7,000 katika Kongo, na ingawa vita, umbali na ukosefu wa chanjo vilikuwa sababu kubwa kuliko nyingine, ndani ya kila mlipuko wa namna hiyo wamo pia watoto waliofikishwa kwenye chanjo wakarudishwa nyumbani bila kuchanjwa. Hapa orodha ya majina ndiyo dawa: kituo kinachojua watoto gani wa vijiji gani wanadaiwa BCG kinaweza kuwaita kumi kwa saa moja ya siku moja, na kichupa kikafunguliwa bila woga.

Kuhusu malipo inatosha kusema kwa ufupi kwamba tangu mkutano wa Bamako wa mwaka 1987, ambapo mawaziri wa afya wa Afrika walikubali wananchi wachangie gharama za tiba, vituo vingi vya Kongo vimeishi kwa fedha za wagonjwa, na wauguzi wengi ambao hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali hugawana sehemu ya fedha hizo kama posho. Dirisha la kulipa ni mstari mwingine kabla ya mstari wa tiba, na muuguzi asiyelipwa hulazimika kuwa na shamba, ambalo nalo lina asubuhi zake. Serikali ilianza mwezi Septemba 2023, kwa kutangulia Kinshasa, mpango wa kujifungua bila malipo, na mahali popote mpango wa namna hiyo unapofika huwaleta wanawake wengi zaidi, jambo la kushukuriwa. Lakini wingi huo ukimiminwa juu ya siku ileile moja na asubuhi ileile moja, wale walioondolewa kizuizi cha fedha watakutana na kizuizi cha muda.

Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza mwaka 1994 kwamba wanawake hufa kwa sababu ya uzazi kupitia ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta tiba, kuchelewa kufika mahali pa tiba, na kuchelewa kupata tiba baada ya kufika. Mazungumzo ya hadhara katika Fizi hukaa sana juu ya ule wa pili, na kwa haki, kwa maana barabara ya Uvira hadi Baraka hukatwa na mito itokayo milimani kila masika, na vita vimeifunga mara nyingi. Ule wa tatu husemwa kidogo, ingawa huo ndio ulio ndani ya uwezo wa kituo chenyewe. Tena unaugusa ule wa kwanza: familia iliyowahi kungoja kutwa nzima na mgonjwa wa homa itakawia kuamua safari ijayo, na itapita kwanza kwenye duka la dawa au kwa mganga wa kienyeji, kwa sababu huko huhudumiwa mara moja.

Ucheleweshaji huo wa tatu huua hasa pale watu wanapohudumiwa kwa kufuata nani alitangulia kufika. Utaratibu wa kutangulia una sura ya haki, na kwa wajawazito wenye afya ni wa haki kweli, lakini kwa wagonjwa ni dhuluma, kwani ugonjwa haupimwi kwa saa ya kuamka. Kipindupindu, ambacho kimerudi mara kwa mara katika mwambao huu tangu kilipoingia mashariki ya Kongo mwaka 1978, kinaweza kumuua mtu mzima kwa saa chache kwa kumkausha maji. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuanza kifafa akiwa mgongoni mwa mama yake, nambari yake ya mstari ikiwa 27. Utaratibu wa kuwatenganisha wagonjwa kwa uzito wa hali zao mara wanapofika, unaojulikana kwa neno la Kifaransa triaji, hauhitaji mashine. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2005 mwongozo wa kuufundisha kwa ajili ya watoto, ambao huwafundisha hata karani na mlinzi wa lango kutambua dalili za hatari: mtoto anayepumua kwa taabu, aliyezimia, anayetetemeka kwa kifafa, mwenye mikono baridi, au aliyekauka maji baada ya kuhara. Huko Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, baada ya mapokezi ya watoto kupangwa upya kwa namna hii, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka baina ya 10 na 18 kwa kila 100 hadi baina ya 6 na 8, na mabadiliko hayo yalielezwa katika jarida la Shirika hilo mwaka 2006. Watoto waliookoka hawakuokolewa na dawa mpya, bali walifikiwa mapema na dawa zilizokuwamo.

Sababu moja inayofanya jambo zito kiasi hiki lisishughulikiwe ni kwamba halionekani katika hesabu. Kituo cha afya hupeleka kila mwezi taarifa zake kwenye ofisi ya zoni, ambako huingizwa katika mfumo wa taifa wa takwimu: wajawazito wangapi walihudhuria, watoto wangapi walichanjwa, wagonjwa wangapi wa malaria walitibiwa. Daftari huanza kuandika mtu anapoingia chumbani. Yale yaliyompata chini ya mwembe tangu alfajiri hayana safu yake, na aliyeondoka saa saba bila kuhudumiwa, akiwa amechoka kungoja, hayumo kabisa, kana kwamba hakuja. Mkaguzi anayesoma taarifa hizo huona kituo chenye kazi nyingi na matokeo mazuri, na anasema kweli kwa kadiri ya kilichoandikwa mbele yake.

Wapo watakaosema kwamba mpango wa saa hauwezekani kwa watu wa mwambao huu. Historia ya karibuni ya watu hao yaonyesha vingine. Tangu vita vya mwaka 1996 maelfu kwa maelfu ya wakaaji wa Fizi walivuka ziwa na kuishi miaka mingi katika kambi za mkoa wa Kigoma, hasa Nyarugusu na Lugufu, na kuanzia mwaka 2005 wengi walirudishwa kwa meli hadi Baraka. Katika kambi hizo chakula kiligawiwa kwa siku zilizopangwa kufuata ukubwa wa familia, na kila familia ilijua zamu yake kwa kadi, ikaenda kwa zamu yake. Ni watu walewale. Walishika zamu kwa sababu zamu ilikuwa na maana: aliyekuja siku yake alipewa. Mwanamke wa Mboko anayefika kliniki kabla ya mapambazuko naye anaonyesha akili ileile, kwa kuwa amejifunza kwamba vyandarua vinaweza kuisha kabla ya kumfikia, na hakuna ahadi nyingine aliyopewa isipokuwa ile ya kutangulia.

Ahadi, basi, ndiyo mahali pa kuanzia, na CODESA ndiyo yenye mamlaka ya kuidai bila ugomvi na titulere. Makundi ya saa yangepangwa kwa vijiji, si kwa majina, ili watu wakumbushane njiani: walio karibu na kituo watangulie, wanawake wa biashara ya samaki wafuate baada ya ndagala kuanikwa, na wanaoshuka kutoka milimani wapewe saa inayowaruhusu kusafiri kukiwa na mwanga. Saa kwenye fishi iandikwe kwa namna inayosomeka bila utata, kwa kuwa muuguzi aliyeandika 8h00 kwa hesabu ya Kifaransa anamaanisha saa mbili asubuhi, na mama anayesomewa tarakimu hizo na mtoto wa shule anaweza kuelewa saa nane mchana. Na kwa kuwa wafanyabiashara wa ziwa huishi na simu zinazofuata saa ya Kigoma, iliyotangulia ya Kivu kwa saa moja, itajwe wazi ni saa ya wapi. Muuguzi akiitwa usiku kwenye uzazi au akitakiwa ofisini Nundu, jambo ambalo ni la kazi na si uvivu, habari itangazwe mapema kanisani, msikitini, sokoni, na redioni, maana redio za eneo hili ambazo hutangaza vifo na mikutano zinaweza kwa dakika moja kuwaepusha wanawake 40 na safari ya bure. Wale wanaomeza dawa kwa miaka, kama walio na virusi vya ukimwi, si lazima wapange mstari mmoja na wenye homa. Kinshasa tangu mwaka 2010 viko vituo vya kugawa dawa viitwavyo PODI, vinavyoendeshwa na watu wanaoishi na virusi wenyewe, ambapo aliye na hali njema huchukua dawa za miezi mitatu na kwenda zake.

Kamati ingeweza pia, kwa gharama ya kalamu na daftari moja la shule, kuandika siku moja kwa mwezi saa ambayo kila mtu amefika na saa ambayo amehudumiwa, na kuisoma hesabu hiyo mbele ya mkutano wa kijiji titulere akiwapo, ili ajieleze na yeye aelezwe, kwa sababu mara nyingi muuguzi hajui watu wamengoja kiasi gani, akiwa yuko ndani na amechoka kama wao.

Linabaki swali la anayekosa saa yake, na hapo ndipo mipango mingi ya miadi huharibika. Mama ambaye mto umemzuia, au ambaye mtoto wake mwingine ameamka na homa, akifika baada ya kundi lake na kuambiwa arudi juma lijalo, atakuwa ameadhibiwa kwa mvua, na juma lijalo atafika alfajiri pamoja na kijiji chake chote, na makundi yatakuwa yamekwisha. Huyo apewe nafasi mwishoni mwa kundi analolikuta, bila maneno makali, na saa yake halisi ya kufika iandikwe pamoja na sababu. Majina ya namna hiyo yakizidi kutoka kijiji kimoja, ni saa ya kijiji hicho inayopaswa kubadilishwa.